Dawa Niliyomficha Nzomo

Asubuhi Nzomo alipoweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, vyote saba, kuanzia chini hadi kooni, aliketi kitandani akalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Kwa miezi minane mimi ndiye niliyemvisha kama mtoto anayeanza shule, na kwa miezi minane hakuwahi kunitazama usoni nikifanya hivyo. Sasa aliinua mikono mbele ya dirisha, akavinyoosha vidole, akavikunja, akavinyoosha tena.

"Kanyiva," akasema. Hakuwa ameniita kwa jina tangu tulipompata Mbithi, kifungua mimba wetu. "Vimerudi."

Mume wangu alikuwa mchongaji. Alifundishwa na babake kule Wamunyu akiwa na miaka kumi, na alipokuja Nairobi aliketi miaka thelathini juu ya kigoda kimoja katika banda la wachongaji la Gikomba, gogo la muhugu likibanwa kwa nyayo zake, tezo, shoka dogo la kuchongea, ikipanda na kushuka karibu na vidole vya miguu hivi kwamba wageni walifumba macho. Yeye hakufumba. Alisema kifaru yumo ndani ya gogo tangu mti ukiwa mche. Kazi yake ni kumwondolea kilichomsonga. Kwa vifaru hao tulisomesha watoto watatu, na kwa vifaru hao tulianza kujenga Dandora, chumba baada ya chumba, katika kiwanja tulichopewa na baraza la jiji kikiwa na choo na bomba tu. Chumba cha tatu kilikuwa kimefika usawa wa linta, juu ya mlango, mikono yake ilipofungika.

Uzee haukubisha hodi kwetu. Uliingia ukakaa. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kila asubuhi viungo vya vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa, na mpaka saa nne hakuweza kushika hata kijiko. Kliniki walimpa aspirini na kumwambia, "Mzee, ni umri." Alikwenda bandani hivyo hivyo, akaketi kwenye kigoda chake, akawatazama wenzake wakichonga. Jioni alirudi na tezo yake kikapuni bila chembe ya vumbi la mti. Mwanamume asiyekuwa mnywaji wala mzururaji, ukimpokonya kazi yake anabaki na nini? Alianza kunyamaza. Nikamwogopa kwa ule unyamavu wake.

Mtu fulani bandani ndiye aliyemwelekeza kwa Shitanda. Huyu Shitanda alikuwa amefunga vidonda na kuchoma sindano hospitalini muda mrefu, na alipostaafu akafungua kiduka cha dawa kule Mowlem. Watu walimwita daktari, naye hakukataa. Alimpa Nzomo vidonge vidogo vyeupe, vichungu, ndani ya bahasha iliyokunjwa kwa karatasi ya gazeti. Siku ya tatu ndiyo hiyo ya vifungo.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuvibariki vidonge vile. Nilivitaja kwa jina la Mungu. Nzomo alirudi bandani akachonga kama kijana. Alimaliza chumba cha tatu akaanza cha nne. Aliimba akinawa. Hamu ya chakula ilimjia ya ajabu. Chapati sita, chai vikombe vinne, sukari vijiko vitano kwa kila kikombe, na bado anauliza kama kuna kiporo. Uso wake uliokuwa umechongoka ukajaa, ukawa mviringo, mashavu yakang'aa mekundu.

Jirani yangu Apondi, aliyeuza nyanya pale njia panda, na ambaye mumewe alikuwa fundi wa reli, alimsimamisha siku moja.

"Fundi! Siku hizi wewe ni mdosi. Mama Mbithi anakupa nini huko ndani?"

Nzomo alicheka akajipiga tumbo. Enzi zile tumbo la mwanamume lilikuwa cheti chake. Nami nilitembea nyuma yake kwenda kanisani nikijiona mke wa mtu.

Mwaka mmoja ulipita hivyo, na nusu ya mwingine.

Sijui ni lini nilianza kuona. Pengine ni siku nilipomsugua mgongo nikakuta nundu ya mafuta imeota chini ya shingo. Pengine ni miguu, iliyokuwa ikikonda kadiri tumbo lilivyozidi, hata suruali ikawa haina cha kushika chini ya kiuno. Ngozi yake ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu. Akijigonga kwenye kiti, doa la zambarau lilikaa mkononi wiki tatu. Vidonge navyo viliongezeka: kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, vinne vikawa sita. Hakutoka nje bila bahasha mfukoni. Aliipapasa kila mara, jinsi mtu anavyopapasa kitambulisho chake akiona askari.

Mwezi wa tano wa mwaka 1984, mwaka ule wa ukame tuliokula unga wa manjano, Nzomo alikohoa mezani na ubavu ukavunjika. Kwa kikohozi tu. Nilisikia ulivyolia.

"Baba Mbithi," nikamwambia, "hizi dawa zinakumaliza."

"Hizi dawa ndizo zinazotulisha."

"Basi punguza."

"Sitarudi pale kwenye kigoda kuwatazama wenzangu. Afadhali nife nikiwa fundi."

Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza zaidi. Lakini maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani, katika kinywa kingine. Babangu alikuwa mlevi wa kupindukia. Naye alisema bila pombe atakufa. Siku moja mamangu aliimwaga yote, akafunga mlango, akaketi mbele yake. Babangu alitetemeka siku nne, akatapika, akamtukana mamangu na ukoo wake mzima. Siku ya tano aliamka akaomba uji, na aliishi miaka ishirini bila kuigusa tena. Hiyo ndiyo tiba niliyoijua. Mimi binti wa mama yule ningeshindwa vipi?

Nilingoja mwezi wa saba, baridi ilipopunguza kazi bandani. Jumatatu asubuhi, Nzomo akioga, nilichukua bahasha mfukoni, nikachukua na ile ya akiba chini ya godoro, nikazizika ndani ya debe la unga.

"Mama Mbithi, umeziona dawa zangu?"

"Sijaziona."

Alitafuta. Alikung'uta blanketi, akageuza mifuko ya makoti mawili, akamwaga kikapu cha zana sakafuni, akapiga magoti akitafuta kati ya patasi na misasa. Nilikuwa nikichambua maharagwe. Sikuacha kuchambua.

Siku ya pili mafua yalimpata, mafua ya baridi ile yaliyopita kila nyumba, na vidole vikaanza kuvimba. Siku ya tatu alishindwa kusimama. Kila alipoinuka kizunguzungu kilimrudisha chini. Alitapika chai, akatapika maji. Moyoni nilikuwa nikihesabu: tatu, bado moja. Kila alipotapika nilimwona babangu, nikapata nguvu.

Siku ya nne aliniita.

"Nenda kwa Shitanda. Mwambie ni mimi. Anajua za kunipa."

"Ukipata nafuu utaenda mwenyewe."

"Kanyiva." Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka. "Nenda."

Nilimwomba Apondi akae naye. Nikajifunga leso, nikatoka. Kutoka kwetu hadi Mowlem si mbali, na nilitembea haraka, maana wakati huo, naapa, nilikuwa nakwenda kununua; zile za debeni ningezitoa vipi bila kujulikana? Nilipofika, duka lilikuwa wazi. Shitanda alikuwa ameketi kwenye kaunta, sweta la kijivu, miwani puani, anasoma gazeti. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kando ya mama aliyekuwa akikata sukuma wiki. Nilimtazama Shitanda muda wa chai kuchemka. Nikajiambia, mamangu asingevuka. Nikajiambia, kesho ni siku ya tano. Nikageuka.

Nzomo alikuwa amelala ubavu, Apondi akimpangusa jasho. Macho ya Nzomo yaliniangalia mikononi kabla ya kuniangalia usoni.

"Kumefungwa," nikasema. "Kuna kufuli."

"Kumefungwa?" Apondi akashangaa. "Siku ya kazi?"

"Kufuli kubwa. Kesho atafungua."

"Kesho," Nzomo alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akafumba macho. Hakuniomba kitu tena. Tangu nimjue, sikuwahi kumwona akiacha kutafuta kitu namna ile.

Siku ya tano hakuomba uji.

Siku ya sita ngozi yake ilikuwa baridi na imelowa, na nilipomwita alijibu kwa kuniita jina la mamake. Apondi alikimbia akasimamisha gari la mikate, dereva akatubeba hadi hospitali. Tulipokewa na daktari msichana, Wangeci, wa umri wa binti yangu. Alimpima haraka, akapima tena kama asiyeamini, akanigeukia na kalamu yake.

"Mama, mzee anatumia dawa zozote?"

Nilijua swali hilo litakuja, na nilikuwa nimeliandalia jibu. Nilisimama wima.

"Alikuwa akitumia vidonge, daktari. Vidogo vyeupe, vichungu, vya kuondoa maumivu ya viungo. Sita kwa siku, kwa zaidi ya mwaka. Lakini ameacha. Leo ni siku ya sita."

Kalamu ilisimama. Aliutazama uso wa Nzomo, ule umviringo wake, akaigusa ile nundu ya shingoni kwa vidole viwili.

"Nani alimwachisha?"

"Mimi."

Alipaza sauti akaita muuguzi, akaita sindano kwa jina nisilolijua, akaita maji ya mshipa, na watu wakaja wakikimbia wakanisukuma kando. Wakati huo ndipo nilipoanza kuogopa.

Walihangaika naye jioni yote na asubuhi yote. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, wahudumu wakiwa wanabadilisha shuka la kitanda cha pili.

Daktari Wangeci aliniketisha kwenye benchi la ukumbini, akaketi nami. Alieleza taratibu. Kila mmoja wetu, alisema, ana tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Nilisikia "tezo", nikamwona Nzomo anaitafuta kikapuni. Ikabidi daktari arudie. Tezi hizo hutengeneza homoni inayotuinua asubuhi na kutushikilia tukiugua. Vidonge vile ni homoni hiyo hiyo, imetengenezwa kiwandani. Ukimeza nyingi kwa muda mrefu hufanya yale yote niliyoyaona, uso, tumbo, ngozi, mifupa, na tezi zenyewe, zikiona kazi inafanywa na mwingine, hulala. Mwenye kuacha hupunguza kidogo kidogo, kama kushuka ngazi, kwa miezi, ili ziamke. Mzee ameachishwa siku moja, na mafua juu yake, na ndani hakukuwa na kitu cha kumshika.

"Hukujua, mama," akasema. "Kosa ni la aliyempa bila kumpima."

"Na kama angemeza siku ya nne?"

"Siku ya nne?" Alifikiri kama mwanafunzi mwema. "Siku ya nne angepona. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Tulimzika kule Wamunyu, nyuma ya nyumba ya babake. Mbithi alisimama kaburini akawashukuru watu, akanishukuru mimi. Alisema wazazi wengi hufa peke yao siku hizi, lakini babake alikuwa na mtu wa kumshika mkono hadi dakika ya mwisho. Wamama waliniimbia. Nilisimama katikati yao kama kitu walichokuta njiani wakakipamba maua bila kukijua.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza Apondi hadi Mowlem kupeleka nyanya. Sikutaka, lakini nilikuwa siwezi kusema kwa nini sitaki. Shitanda alituona, akatoka dukani, akavua kofia.

"Pole, mama. Nimesikia juzi tu." Alikuwa mtu mzima kuliko nilivyodhani, na macho yalimlowa. "Nilikuwa nikijiuliza mbona haji. Nilimwambia tangu siku ya kwanza, hizi mzee haziachwi ghafla. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Angemtuma mtu tu. Hata mtoto. Ningempelekea mwenyewe. Mimi wiki ile yote nilikuwa hapa, sikufunga hata siku moja."

Barabara ilikuwa na watu, lakini sikumsikia hata mmoja. Apondi alikuwa kando yangu, kikapu kichwani, mkono mmoja umekishika. Sikugeuka kumtazama. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Tumesikia, daktari," akasema. "Asante."

Tulirudi Dandora. Langoni kwangu alitua kikapu, akachagua nyanya nne ngumu, akanipa, akaingia kwake.

Ukuta kati ya nyumba zetu ulikuwa wa tofali moja. Tuliishi hivyo miaka kumi na tisa mingine. Kila asubuhi alinisalimu, nami nikamsalimu. Tulizikiana jamaa, tukaozeshana watoto. Mumewe alipougua mapafu nilimpikia uji, naye Apondi aliupokea na kumnywesha mbele yangu. Hakuniuliza habari za kufuli lile. Mara nyingi nilimsikia upande wa pili, akisogeza sufuria, akikohoa, akinyamaza, nami nilisimama karibu na ukuta, mkono juu ya tofali, nikingoja aniulize.