Mguu Mmoja Jikoni, Mguu Mmoja Jana

Saa mbili kasoro kumi asubuhi, mlango wa chumba cha sita ulikuwa na kibandiko kipya: INSHA. Herufi zilikuwa nyeusi, zimenyooka, na gundi ilikuwa haijakauka pembeni. Kwa kuwa kibandiko hicho kilikuwa kifupi kuliko kile kilichofunikwa, upande wa kulia zilichungulia herufi mbili za mwisho za neno la zamani: FA.

Mwalimu wa falsafa aliweka mfuko wake chini, akakitazama. Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alijua tu kwamba uamuzi ulikuwa utolewe leo, baada ya kipindi, na kipindi kilikuwa hakijaanza.

"Kimetangulia," alisema Makamu Mkuu nyuma yake. Alikuwa ameshika daftari na miwani, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. "Fundi wa vibandiko yupo leo tu. Akishaondoka, kumpata tena ni majaliwa."

"Kwa hiyo tokeo limekuja kabla ya sababu."

"Limekuja kabla ya saa mbili. Usianze, Mwalimu."

Hawakuwa maadui. Makamu alikuwa amefundisha sarufi kwa miaka mingi kabla ya kupewa kiti cha ofisini, na wanafunzi walimwita Nukta, kwa sababu kila alipotaka mabishano yaishe alisema neno hilo, na yaliisha. Alisikiliza upande wa pili. Hilo hata mwalimu wa falsafa alikiri, ingawa aliongeza kwamba alisikiliza kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Chuo kilifundisha ushonaji, mabomba na umeme, na kila mwanafunzi alichagua somo moja la ziada. Waliochagua falsafa walikuta wanasoma ngano: watu wanaopita ndani ya makabati na kutokea juzi, majini wanaouza kumbukumbu kwa kilo, mji ambao wenyeji wake huzeeka wakiwa wamelala tu. Ngano zote alizitunga mwalimu mwenyewe. "Mtoto wa watu amekuja kujifunza kufikiri," Makamu alisema kwenye kikao, "wewe unampa kabati." Kama hayo ni mambo ya kubuni, aliona, basi ni insha, na insha ina mwalimu wake. Mwalimu wa falsafa angerudi kwenye somo lake la zamani, uandishi wa barua za kuomba kazi, alilolifundisha miaka sita, kwa ufanisi na bila furaha yoyote.

Walikubaliana sharti moja. Makamu angeketi darasani kipindi kizima, kisha angemuuliza mwanafunzi yeyote swali moja. Mwanafunzi akijibu kwa hoja, falsafa inabaki. Akijibu kwa kusimulia, inakwenda.

Ngano ya siku hiyo ilikuwa imeandikwa jioni iliyotangulia, kwenye meza ya jikoni nyumbani kwa mwalimu, huku mama mkwe wake akichagua mchele upande wa pili na kudai asomewe kila ukurasa unaokwisha. Ilimhusu kijana aliyelelewa na babu yake. Babu alikuwa na jambo moja la kujutia: ujanani aliitiwa kazi nzuri mji wa mbali, gari likaja kumchukua, akakataa kupanda. Akabaki kukaanga samaki sokoni. Kijana anachoshwa na majuto hayo ya kila jioni. Siku moja anafungua kabati la jikoni kutafuta chumvi, anakuta nyuma ya mikebe kuna barabara, na barabarani kuna gari, na kando ya gari kuna babu yake, mwembamba, ana nywele.

"Ataenda kumshawishi apande," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Na bibi yake alikuwa wapi siku hizo?"

"Alikuwa mteja pale sokoni. Walikutana mwaka uliofuata."

Mama mkwe aliacha mchele. "Sasa babu akipanda gari, bibi atanunua samaki kwa nani? Na huyo kijana katoka wapi? Kajizaa?"

"Ndilo swali lenyewe."

"Swali gani. Huo ni uzembe wa mtunzi."

"Mtunzi ni mimi, mama."

"Ndiyo maana nasema kwa upole."

Mwalimu alikuwa akicheka alipomalizia ukurasa wa mwisho, na aliuchapa haraka, bila kuusoma tena.

Saa mbili kamili darasa lilijaa. Makamu alichukua kiti cha nyuma, akafungua daftari. Mwalimu alisoma kwa sauti ile ile ya siku zote, bila kutia chumvi mahali popote. Alipofika mwisho, kijana alikuwa ameshika ubao wa kabati, mguu mmoja jikoni, mguu mmoja jana, anamtazama babu yake akitikisa kichwa mbele ya dereva. Ngano ilifungwa kwa sentensi moja ya kijana huyo: "Babu angejua, angekwenda."

"Hapo," alisema Makamu kutoka nyuma, "pana kosa."

Vichwa vyote viligeuka.

"Jambo limepita miaka hamsini. Gari limeondoka, babu kabaki, kazi kapewa mwingine. Kwa jambo lililokwisha pita tunasema 'angalijua, angalikwenda.' Nge ni mlango ulioegeshwa. Ngali ni mlango uliokomewa. Siku hizi mnachanganya tu, kila mtu nge, nge, kama nyuki. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sisi wa mabomba tunayazoa kila siku, mzee," alisema kijana mnene wa safu ya pili, aliyeitwa Tanki.

Darasa lilicheka. Makamu alingoja kicheko kiishe. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameirudia sentensi ile kwenye karatasi yake, akaona kwamba Makamu amesema kweli. Alikuwa ameandika kama anavyoongea, kama waongeavyo watu wote, na kati ya siku zote za mwaka kosa lilikuwa limechagua hii.

"Na hilo ndilo swali langu," Makamu aliendelea. Alinyoosha kalamu. "Wewe, binti mwenye futi shingoni. Sahihisha sentensi hiyo, unipe na sababu. Ngano sitaki."

Binti mwenye futi shingoni alikuwa mwanafunzi wa ushonaji. Wenzake walimwita Breki, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuanza sentensi, kusimama katikati, na kuwaacha watu wakining'inia. Alisimama, akaishika futi kwa mikono miwili.

"Sisahihishi," alisema. Kisha akanyamaza.

"Breki zimeshika," alinong'ona Tanki.

"Kwa nini husahihishi?" aliuliza Makamu.

"Naomba niulize kwanza. Ngali tunaiweka kwa sababu jambo limepita, au kwa sababu hatuwezi kulifikia?"

"Ni kitu kimoja."

"Kwetu sisi ni kitu kimoja. Kwa huyu kijana ni viwili. Limepita, lakini mguu wake uko..." Alisimama tena. Makamu, kwa mshangao wa darasa, hakumharakisha. "Mguu wake uko mahali ambapo babu hajamaliza kukataa. Kwa aliyebaki jikoni, nguo imeshakatwa. Yeye bado ameushika mkasi. Kwa hiyo anaruhusiwa kusema nge."

"Lakini hawezi kumzuia babu yake kukataa. Asingalizaliwa."

"Labda hawezi. Mimi naona hivyo pia. Lakini hilo ndilo tunalotakiwa kulithibitisha, mzee. Tukiweka ngali, tumejibu swali kabla halijaulizwa. Tumelipitisha kimyakimya kwenye sarufi."

"Rudia la mwisho."

"Tumejibu swali kabla halijaulizwa."

"Kama kile kibandiko," alisema Tanki.

Safari hii hakuna aliyecheka kwa sauti, ila mabega kadhaa yalitikisika. Makamu aliandika kitu daftarini, akakikata, akaandika kingine. Kisha akavua miwani na kumtazama mwalimu juu ya vichwa vya wanafunzi.

"Ulikusudia?"

Mwalimu alilielewa swali lote. Akisema ndiyo, kosa linakuwa ustadi, na shauri limekwisha. Breki alikuwa bado amesimama, na Tanki alikuwa akimtikisia mwalimu kichwa kwa nguvu, juu na chini, kama mtu anayempa mtoto jibu la mtihani.

"Sikukusudia," alisema. "Niliteleza. Nilitaka kuandika angalijua."

Tanki aliweka uso kwenye viganja.

"Basi kosa lako lina akili kuliko wewe," alisema Makamu.

"Inawezekana."

"Na hoja ya huyu binti, ulimpa wewe?"

"Nisingeweza. Nimeisikia sasa hivi, kama wewe. Nilichowafundisha ni kwamba kabla hujalikubali neno, ulipekue uone limebebeshwa nini."

Makamu aliinuka. Alipita katikati ya madawati polepole, akachukua chaki, akaandika ubaoni sentensi mbili, moja ya nge na moja ya ngali, na chini yake mstari mrefu wenye alama ya msalaba mahali pa jikoni na nyingine mahali pa gari.

"Haya, binti. Keti, utachoka. Tuseme nimekukubalia kwamba ngali hutegemea msemaji amesimama wapi. Mimi na wewe tumesimama hapa. Anayesimulia ngano hii amesimama wapi?"

"Jikoni," alisema mmoja wa umeme.

"Hapana, na yeye yuko mlangoni," alisema mwingine. "Anamfuata kijana nyumanyuma."

"Basi na yeye ana miguu miwili?"

"Msimulizi hana miguu, mzee."

"Hana miguu," Makamu alirudia, akaliandika hilo ubaoni, chaki ikamvunjikia mkononi. Alichukua nyingine bila kutazama alikoitoa. Mwalimu alivuta kiti akakaa kando ya dirisha, karatasi yake mapajani. Mara moja tu Breki alimgeukia kumtazama, naye akamwonyesha ubao kwa kidevu.

Kengele ililia Makamu akiwa katikati ya sentensi, mkono juu. Wanafunzi walikusanya vitu vyao. Walimngojea aseme nukta. Hakuisema.

"Sijakubali," alimwambia Breki. "Msimulizi bado ananitatiza. Alhamisi mnakutana saa ngapi?"

"Saa mbili, mzee."

"Mniwekee kiti cha mbele. Nyuma sioni ubao."

Alijifuta chaki kwenye suruali iliyopigwa pasi, akachukua daftari, akatoka. Mwalimu alimfuata hadi kizingitini. Makamu alikuwa ameinama mbele ya mlango, anakwangua pembe ya kibandiko kwa ukucha wa kidole gumba. Gundi ilikuwa imeshaanza kushika. Alivuta taratibu, kisha kwa nguvu, na INSHA ikatoka yote kwa pamoja, ikiwa imeng'oa herufi moja ya kile kilichokuwa chini yake.

Mlangoni pakabaki ALSAFA.