Hapa Hapana Watu

Usijifanye hujawahi kupita. Umepita. Barabara ya machinjio ni moja tu, na ukifika pale ukuta unapoishia, harufu ya damu iliyochacha inapokupiga, wewe hupandisha kioo, ukageuza uso upande wa pili kana kwamba huko kuna harusi. Ungetazama chini mara moja tu, ungeona mabati. Ungeona moshi wa kupikia, nguo zimeanikwa, na mbwa. Mbwa wengi kuliko milango.

Huko bondeni ndiko alikoishi mwanamke waliyemwita Mama Nukta.

Jina alipewa na kazi. Idara ya mifugo na afya ilimchukua kwa kibarua, ikampa simu, fulana na maelekezo: kila mbwa atakapomuuma mtu, kila mbuzi atakapokufa pasipo sababu, nenda mpaka mlangoni kwa aliyeumwa au mwenye mbuzi, andika namba yake ya kitambulisho, bonyeza. Nukta itaruka hadi ofisini na kutua kwenye ramani. Nukta zikirundikana mahali, hapo ndipo pana ugonjwa. Hapo ndipo itakapokwenda chanjo ya mbwa, na hapo ndipo zitakapopelekwa dozi za walioumwa. Akili ya kazi ilikuwa nzuri, hilo tusilikatae.

Kwenye simu kulikuwa na duara la buluu la kuonyesha mahali uliposimama. Ukibonyeza kwa pupa, linakuwa kubwa kama uwanja wa mpira na nukta inaweza kuangukia kwa jirani. Ukisubiri, linanywea, linanywea, mpaka linabaki na ukubwa wa chumba. Mama Nukta alisubiri. Juani alisubiri, mvuani alisubiri, simu kaifunika kwa upindo wa khanga.

"Mama, huo mlango unaupiga picha au unauposa?" wenye nyumba walimtania.

"Nataka dawa ije kwako, sio kwa jirani yako mnayenuniana."

Miezi kumi na minne. Nukta sitini na moja. Hakuna hata moja iliyokosea mlango.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mbwa alimuuma mdogo wake.

Mdogo wake aliuza utumbo nje ya lango la machinjio. Ukutani kulikuwa na tundu la kumwagia uchafu, na uchafu ule ndio uliowalea mbwa wa bondeni tangu bibi yao mzaa bibi. Walikuwa wezi, lakini walikuwa na adabu ya wezi: ukiinua jiwe, wanakimbia. Huyu hakukimbia. Na hakutaka utumbo. Hilo ndilo lililomkata maini Mama Nukta alipohadithiwa: mbwa alilipita beseni zima la utumbo kana kwamba limejaa kokoto, udenda unamning'inia, akaenda moja kwa moja kwenye mkono wa mtu.

"Mbwa gani anaacha nyama anakuja kula mifupa?" mdogo mtu alisema, akiutazama mkono wake mwembamba na kujaribu kucheka. "Hata mbwa siku hizi hawajui biashara, dada."

"Nyamaza. Lete mkono."

Aliuosha kwa maji na sabuni robo saa nzima, saa mbele ya macho, mpaka kipande cha sabuni kikabaki kama ukucha. Akaufunga kwa kitambaa safi. Kisha, kabla hata ya kuvaa viatu, kwa mazoea ya kazi, akasimama mlangoni, akasubiri duara linywee, akabonyeza. Nukta ya sitini na mbili. Wakaenda zahanati, chini ya ghorofa ya ofisi ya idara.

Nesi aliangalia kitambaa, akaangalia kitambulisho, akaangalia karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu.

"Eneo?"

"Bondeni, nyuma ya machinjio."

Kidole cha nesi kilishuka kwenye orodha mpaka mwisho, kikapanda, kikashuka tena. "Haipo."

"Nini haipo?"

"Bondeni. Dozi zinakuja na maeneo yake, mama. Hizi zilizomo humu ni za mtaa wa ofisini. Na kila kichupa nakitolea maelezo. Nikikutolea wewe, kesho nami nitakuwa nje ya geti nikiuza utumbo."

"Nimepeleka nukta sitini na mbili kwa mkono wangu."

Nesi alishusha sauti. "Basi panda juu kwa mkuu wa idara. Sikufukuzi, mama. Mimi ufunguo ninao, ruhusa sina."

Wapiga nukta hawakuruhusiwa kupanda ghorofani. Fulana zao zilipokelewa chini, simu zao zilichajiwa chini, vibarua vyao vilipangwa chini. Kwa hiyo siku ile ndiyo Mama Nukta aliiona ramani kwa mara ya kwanza. Ilijaza ukuta mzima, ndani ya fremu ya mbao iliyong'arishwa. Aliutafuta mto, akauona. Aliyatafuta machinjio, akayaona. Kati ya mto na machinjio palikuwa peupe, peupe kama sahani iliyolambwa.

Lakini mbele ya ofisi hiyohiyo, ng'ambo ya barabara, nukta nyekundu zilikuwa zimejazana kama nzi juu ya kidonda. Alihesabu vichochoro kwa macho. Pale palikuwa na kitu kimoja tu anachokijua: kibanda cha chai.

"Karibu, mama," mkuu alisema bila kuinuka. "Wewe ni wa wapi vile?"

"Wa bondeni, mkuu. Nauliza nukta zangu."

"Aa." Mkuu alivua miwani, akaifuta taratibu. Hakuwa mkali. Wakali angalau hutoka jasho. "Pale kwenye ramani ya msingi ni hifadhi ya mkondo wa maji. Kisheria hapana watu. Nukta ikiangukia mahali pasipo na watu, mashine inajua simu imekosea, na kila jioni inaifuta yenyewe. Ni usafi wa takwimu tu, usiuchukulie vibaya."

"Simu haikukosea. Nilisubiri duara linywee."

"Naamini. Ila mashine haijui kwamba ulisubiri."

"Mdogo wangu yupo chini, kaumwa, mkono umefungwa kitambaa."

"Pole sana. Lakini ukisema kaumwa mahali pasipo na watu, na mimi nikaandika hivyo, unaona unavyoniweka pabaya?"

"Mlipokuja kuomba kura mlimwomba nani kule? Vyura?"

"Mama," mkuu alivaa miwani yake, "hapa hatufanyi siasa. Hapa ni sayansi."

Walikuja kweli, na wewe unakumbuka. Walishuka hadi kwenye tope, wakabeba watoto, wakala ugali kwa mikono. Mwaka wa kuhesabu watu, watu haohao walisimama juu barabarani, wakatazama chini, wakaandika: majani.

Kwenye kibanda cha chai alimkuta mpiga nukta wa mtaa wa juu, mwanamume mzima aliyeitwa Chai Mbili kwa sababu moja haijawahi kumtosha. Alisikiliza kisa chote, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Dada yangu, una kichwa kigumu kama kwato. Nani alikwambia uende mpaka mlangoni?"

"Maelekezo."

"Maelekezo!" Alipuliza chai. "Mimi tangu nianze kazi sijavuka mtaro huu. Mtu akiumwa huko kwake ananipigia, ananitajia kitambulisho, nabonyeza hapahapa kwenye benchi. Na tazama: mbwa wa mtaa huu wamechanjwa mara tatu. Hata paka wa mwenye kibanda kachomwa sindano, maskini, alikuwa kalala."

Mwenye kibanda alicheka. Mama Nukta hakucheka.

"Bonde likiandikwa kuwa lina watu," Chai Mbili aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "machinjio yatamwaga wapi? Unajua nani kalipia ile fremu? Achana nao. Kaa hapa nilipokaa, bonyeza, dozi itatoka kesho."

Alisogea. Mama Nukta alikaa. Mtu aliyesimama mvuani miezi kumi na minne alikalia benchi lenye joto la makalio ya mwenzake, akaandika namba ya kitambulisho cha mdogo wake, na kwa mara ya kwanza hakusubiri duara linywee. Akabonyeza.

Simu ilitetemeka. *Mtu huyu ameshasajiliwa leo, saa tano na dakika kumi. Tukio moja haliripotiwi mara mbili. Ombi limefungwa.*

"Ulishabonyeza?" Chai Mbili aliuliza. "Kulekule mlangoni?"

Mama Nukta alimgeuzia simu asome mwenyewe.

"Basi usijali. Jioni si wataifuta? Kesho utabonyeza upya."

Jioni waliifuta kweli. Lakini asubuhi simu ilirudia maneno yaleyale. Mashine ilikuwa imefuta mahali, imebakiza namba. Mkuu alieleza, kwa upole uleule, kwamba kufungua namba iliyofungwa kunataka barua ya makao makuu. Siku ishirini na moja za kazi, wakijitahidi. Akaiomba. Duka kubwa la dawa mjini lilikuwa na dozi, tele, kwa bei ya watu ambao mbwa wao hulala kwenye zulia. Hospitali kuu ilidai fomu ya zahanati. Zahanati ilikuwa na ile orodha.

Kidonda kilifunga. Mdogo mtu alirudi langoni na beseni lake.

Kila asubuhi, kabla hajatoka, Mama Nukta alimmiminia maji kikombeni, akamkabidhi, akasimama kumtazama akinywa. Hakusema anatafuta nini. Mdogo wake hakuuliza. Miezi kumi na minne kaishi nyumba moja na mtu anayejua kichaa cha mbwa kinavyoanza: mgonjwa huyaogopa maji.

"Dada, utanigeuza samaki," alisema siku ya tisa, akanywa.

"Ongeza na sukari basi, iwe sherehe," siku ya kumi na saba, akanywa.

Siku ya ishirini na sita alikunywa nusu, akasema mkono unamwasha pale kwenye kovu, kovu lililokwisha kupona. Barua ilikuwa haijarudi.

Leo, siku ya thelathini na moja, amekaa mezani anaukuna mkono. Dada yake amemimina maji. Amekipokea kikombe, amekitazama, amekirudisha mezani. Amekisukuma mbele kidogo kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza kitu cha moto.

"Leo sina kiu, dada."

Mama Nukta ameshika simu. Yuko mlangoni, na duara linanywea.

Sasa wewe. Shusha kioo. Ofisi inafunguliwa saa mbili. Panda zile ngazi wasizoruhusiwa wapiga nukta, simama mbele ya ile fremu, weka kidole pale peupe, na usikiondoe mpaka aliyepaandika hapana watu akutajie kwa mdomo wake nani anaishi pale. Usiende na pole, pole wanazo. Usiseme utapita wiki ijayo, ndivyo ulivyosema mwaka wa kuhesabu watu. Nenda leo, maji yakiwa bado kikombeni.