Namna Mfalme Alivyoinamisha Kichwa

Wapenzi wa tamthilia wana ugonjwa mmoja: hawakubali kwamba jambo linaweza kutokea tu. Kwao lazima kila kitu kiwe kimetoka mahali. Kwa miaka mingi wamegombana juu ya kichwa cha mume wangu, na wala hawajui kwamba ni cha mume wangu.

Ilikuwa hivi. Katika Ufalme wa Ukungu, tamthilia ya wachawi na mapanga, kulikuwa na Mfalme wa Msitu mwenye pembe. Mtu akimsemesha, aligeuza kichwa polepole kushoto, akakiinamisha, akanyamaza, ndipo akajibu. Baadaye ikaja Kituo cha Mwisho, ya vyombo vya angani, na humo mlikuwa na balozi wa sayari ya mbali, mwenye ngozi ya magamba, aliyefanya vilevile. Wapenzi wakacharuka. Hawa wakadai balozi ameibwa kutoka kwa mfalme. Wale wakajibu kwamba wote wawili wamechotwa kwenye hekaya za kale, za watawala wanaopima maneno kabla ya kuyapokea. Nilikuwa nayasoma mabishano hayo jikoni huku nikicheka peke yangu, maana aliyekuwa ndani ya pembe na aliyekuwa ndani ya magamba ni mtu mmoja, na soksi zake nafua mimi.

Tena mtindo ule hakupewa na studio. Alikuja nao tangu uchumba. Nikimweleza jambo, anageuza kichwa, anainama, ananyamaza, kisha anajibu. Wenzangu waume zao walikuwa wakiitikia "ehe" huku macho yako kwenye mpira. Wangu alinisikiliza kama hakimu. Kusema kweli ndicho kilichoniingiza kwenye ndoa, kwa sababu sura yake ilikuwa ya kawaida tu.

Kisha mazimwi yakaanza kuchorwa kwa kompyuta, na simu ya kazi ikaacha kulia. Mzee akawa mtu wa kukaa sebuleni na rimoti, sauti ya runinga juu mpaka majirani wakawa wanatazama nasi kupitia ukutani. Mtoto wetu wa kiume akasema huo ni uzee, akamnunulia vifaa vya kusikia, viwili, vidogo kama punje za maharage. Mzee akaanza kusikia friji, bomba na manung'uniko yangu. Na kichwa kikanyooka. Ukimwambia neno, jibu hili hapa. Nilikuwa na hasira naye siku zile, na sikujua ni ya nini.

Ndipo akapiga simu binti mmoja, muongozaji, aliyekulia kwenye tamthilia zote mbili. Alikuwa anatengeneza yake, ya wachawi wanaoendesha chombo cha angani, na alitaka mfalme mzee. Jina la mume wangu alilipata kwenye maandishi madogo ya mwishoni, yale ambayo watu huyasoma wakiwa wanatafuta viatu. Alimtaka mtu, si kompyuta, ila kwanza amwone. Mume wangu alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ile. Aliitaka kazi hiyo kufa na kupona, akaniomba nimsindikize.

Studioni fundi wa mavazi alimvalisha kinyago cha mpira. Muongozaji akasimama mbele yake na kumsomea maneno. Mzee akainamisha kichwa kama kuku aliyeona punje. Wakarudia, ikawa vilevile. Yule binti alikuwa na adabu sana, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Akamwambia taratibu kwamba labda afikirie wafalme wa hekaya, uzito wa taji, upweke wa mgeni asiyewaelewa binadamu. Mzee akajaribu na huo upweke. Hola. Nikatamani kugombana na mtu, na hapakuwa na wa kugombana naye.

Akavua kinyago. Akachomoa vile vifaa, akaviweka kwenye kiganja changu, akavaa tena kinyago.

Muongozaji akasoma. Kichwa kikageuka polepole kushoto, kikainama, kikatulia. Fundi wa taa aliyekuwa anatafuna karanga aliacha kutafuna. Yule binti alijiziba mdomo kwa mkono. Kisha akamsogelea, akamvua kinyago, akamuuliza kwa sauti ya juu amejifunza wapi.

"Huyo si mfalme, mwanangu," mume wangu akasema. "Ni mtu ambaye hajasikia ulichosema, na anaogopa ukijua utamfukuza. Sikio la kushoto lilikufa nikiwa mtoto. Hilo lingine nalo, ukilifunika na mpira, unabaki kukisia."

Yule binti akacheka na kulia kwa pamoja. Akasema kazi ni yake, watampiga picha bila vifaa, na yeye mwenyewe atakuwa anasimama upande wa kulia. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nahesabu moyoni maneno yote niliyowahi kumwambia mtu huyu. Nikakumbuka mama yangu alipofariki, nilivyoongea mpaka sauti ikakauka, naye ameinamisha kichwa tu.

Nje kulikuwa na benchi. Nikampa vifaa vyake, nikangoja avivae vizuri.

"Miaka yote hii ulikuwa unanisikia?"

Hakugeuza kichwa. "Nusu. Nyingine nilikuwa nakisia."

"Hata habari za mama?"

"Siku ile ulikuwa unalia huku unaongea. Sikuambulia kitu, mke wangu. Nilikushika mkono tu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba mwanzoni aliogopa nitamkataa, na baadaye akaona nimekipenda kile kichwa kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho. Hilo lilikuwa kweli. Nilitaka kumwacha palepale niende zangu, na nilikuwa nimeshainuka. Akanishika mkono, kama siku ile.

"Anza upya," akasema. "Sasa nasikia."

Nikakaa. Nikaanza na habari za mama.