Mchanga Uliopanda Kilimani

Asubuhi hiyo Jumriah alitemea mate miwani ya kuzamia, moja baada ya nyingine, akaisugua kwa kidole gumba na kuisuuza ubavuni mwa boti. Mate ndiyo yanayozuia kioo kisifanye ukungu. Watalii huona kinyaa, kisha huvaa. Wa siku ile walikuwa mke na mume kutoka Jakarta, wamejipaka dawa ya jua mpaka wamekuwa kama maandazi yaliyoangukia unga. Sahabi, mume wa Jumriah, alizima mashine mbele ya ufuko wenye mchanga wa rangi ya waridi, akashusha nanga. Jumriah akajitosa ili awatangulie wageni, na maji yakamrudisha juu.

Akajaribu tena. Alijaza pumzi, akainama, akapiga miguu. Kichwa kiliingia, makalio yakabaki nje kama boya. Sahabi alimtazama kutoka botini.

"Mama Rusli, umekula nini leo?"

"Nilichokula nimekula na wewe."

"Basi mbona mimi sielei?"

"Wewe umekaa botini, ewe mwanamume! Ruka tukuone."

Sahabi akaruka. Akaelea kama nazi kavu, tumbo juu, vidole vya miguu vikichungulia jua. Wageni wakapiga picha, wakidhani ndivyo Wabajo, watu wa bahari wa huku, wanavyokaribisha watu.

Jumriah hakuhitaji kuelezwa. Alizaliwa Sarambau, ambako nyumba zimesimama kwa nguzo ndani ya maji, na alijua kupiga mbizi kabla hajajua kutambaa. Huko kila mtoto huzaliwa na ndugu yake, yaani kondo la nyuma. Baba hulitia katika kifuu cha nazi na kwenda kulizamisha mbele ya ule ufuko wa waridi. Ndugu huyo hukaa pale chini, akakua kama watu wanavyokua. Huitwa kaka, hata kama alichelewa kutoka, kwa kuwa ndiye aliyefika baharini kwanza. Kazi yake ni moja tu. Mwenzake akishuka majini, yeye huiambia bahari, "Huyu ni wetu, mpishe." Pale ufukoni kuna ubao wa serikali unaosema mchanga umepata rangi kwa matumbawe mekundu yaliyosagika. Sarambau hawaubishii ubao. Wanajua vilevile kwamba ni damu ya ndugu zao, wala hawaoni kwa nini mambo mawili yasiwe kweli kwa pamoja.

Kama bahari ilikuwa haimjui Jumriah, basi Kaka hakuwa nyumbani.

"Tazama mchanga," alimwambia mumewe, akionyesha kwa kidevu. Nusu ya ufuko ilikuwa nyeupe kama ufuko wowote wa watu wengine.

Habari ya mchanga kila mtu aliijua. Bosi Hendrawan, mwenye hoteli kubwa kilimani, kule mjini Labuan Bajo, alikuwa amekuja Sarambau baada ya sala ya Ijumaa na sinia la keki za mchele, za kijani na za waridi. Aliketi barazani pa msikiti, akasema anaomba mchanga kidogo wa kupambia ukingo wa bwawa lake la kuogelea. Sinia likazungushwa. Sasa, Sarambau mtu hakatai alichokaribishwa. Akiwa ameshiba, hukigusa japo kwa ncha ya kidole, maana anayeondoka bila kugusa, balaa humfuata njiani. Siku hiyo wote walikuwa wametoka kula samaki. Wakagusa, mmoja mmoja, na sinia likamrudia mwenyewe limejaa alama za vidole.

"Asanteni kwa kukubali," Bosi Hendrawan alisema.

Wakacheka, wakidhani anazungumzia keki. Kesho yake zilikuja boti za mizigo na wanaume wenye sepeto.

Jumriah alipofika nyumbani alikuta kijiji kizima kinaelea. Bi Tija, mwokota majongoo bahari, alikuwa amechukuliwa na mkondo pamoja na kikapu chake hadi kisiwa cha jirani, akarudishwa na boti ya mboga, amekaa juu ya kabichi.

"Uende wewe, Jumriah," alisema Bi Tija akikamua kanga yake. "Umezoea watu wa hoteli. Bila kuzama, tutakula nini? Mapovu? Mlete kaka yako, umletee kila mtu wake. Na mikono yako uifunge mgongoni!"

"Nikikaribishwa chai, Bi Tija?"

"Jifanye umezimia."

Jumriah alivaa nguo zake za Ijumaa, akafunga tambuu na wali wa manjano katika jani la mgomba, akavuka hadi mjini, akapanda kilimani. Askari wa getini alimuuliza kama amekuja kwa kazi ya kufagia.

"Nimemfuata kaka yangu."

"Yuko bwawani," askari akasema bila kuacha kuchezea simu. "Wote wako bwawani. Waambie wasikanyage zulia, jamani, mimi ndiye ninayelianika."

Walikuwa pale. Mchanga wa waridi ulilizunguka bwawa lote, na juu yake walikaa ndugu wa Sarambau, wakubwa kwa wadogo, wakichuruzika maji yasiyokauka. Wa Bi Tija alikuwa na kengeza kama la mwenzake. Wa Sahabi alilala chali, tumbo juu. Hoteli ilikuwa imewavisha mashati ya njano yenye picha ya mnazi, na wageni walipita katikati yao wakiomba taulo. Nao waliwapa taulo, zimelowa.

Jumriah alimjua Kaka hapo hapo. Pua ilikuwa yake, masikio ya marehemu baba, na pengo la mbele ni la ukoo. Alikuwa na sahani ya wali wa kukaanga wenye yai juu.

"Umenenepa," Kaka akasema.

"Sijanenepa, naelea."

"Ndiyo maana nasema."

"Acha masihara. Twende nyumbani. Bahari haitujui, watu watalala njaa."

"Kwenda nataka," Kaka akasema, akifyonza kiini cha yai. "Nyama hapa haina ladha na maji yanawasha macho. Lakini mimi nimeukalia mchanga huu tangu tuzaliwe. Mchanga ukienda, naenda. Ukibaki hapa, huko nitakalia nini?"

Bosi Hendrawan alitokea, mpole, ananukia, amevaa kandambili za nyumbani.

"Familia! Karibu, mama, karibu. Nitasema kweli, mwanzoni waliniudhi. Walimaliza chakula cha asubuhi kabla ya wageni kuamka. Lakini sasa wageni wamewapenda. Na hawaombi likizo."

"Tunaomba mchanga wetu, Bosi. Na watu wetu."

"Mama yangu, mliukubali. Kila mmoja aliweka kidole, nilishuhudia."

"Tuligusa sinia! Hiyo ni adabu tu."

"Naijua adabu yenu," akasema Bosi Hendrawan. "Ndiyo sababu nililijaza sinia."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekuelekeza dukani. Jumriah akafumbata mikono mgongoni, akaikaza mpaka vidole vikauma.

"Basi waulize wenyewe," alisema. "Waulize kama wanataka kukaa kwako."

"Hilo ni la haki," Bosi akakubali, akapiga makofi. Sinia likaletwa, keki za kijani na za waridi. "Jamani, anayekubali kubaki hapa, karibu."

Jumriah alitabasamu, kwa maana alikuwa amemsikia Kaka, kwa masikio yake, akitaka kwenda. Lakini ndugu wa majini wamezaliwa na watu wa Sarambau, wamelelewa na maneno yanayoshuka kupitia mbao za sakafu za Sarambau, na asubuhi hiyo walikuwa wameshiba. Wa Bi Tija akanyoosha kidole, akagusa. Wa Sahabi akainuka kwa tabu, akagusa. Kaka aliweka sahani chini, akafuta mkono kwenye shati, akagusa.

"Kaka!"

"Tumekaribishwa," Kaka akanong'ona, ameona aibu kwa ajili yake. "Unapiga kelele mbele za watu? Unataka balaa itufuate?"

Jumriah alikuwa karibu na ukingo wa bwawa. Akaingia majini na nguo zake za Ijumaa. Alitarajia kuelea, wote wamwone, apande na aibu yake arudi nyumbani. Maji yakafunguka. Juu yake alimsikia Kaka akisema, "Huyu ni wetu, mpishe," akashuka taratibu hadi chini, akakaa juu ya vigae na kulia kwa muda aliotaka. Alipoinua macho, aliona nyuso za wageni zimepangana ukingoni, na katikati yao uso wa Bosi Hendrawan, unafikiri.

Siku hizi boti ya Sahabi huelekea mjini. Jumriah hupanda kilimani na gunia la miwani, akaitemea mate, akawatangulia wageni bwawani na mirija yao mdomoni. Huwaonyesha kigae kilichopasuka, kitundu cha kutolea maji, na hereni ambayo hakuna anayeruhusiwa kuiokota. Wengine wa Sarambau huja zamu za jioni. Bi Tija huzamia vijiko vinavyotupwa makusudi, na husema afadhali vijiko, havitoi utomvu kama majongoo. Huko ufukoni samaki wamekuwa wengi na hawamwogopi mtu. Kuhusu mchanga, hakuna aliyesema utashuka.

Mvua za kwanza zilipoanza, mke wa Rusli, mwana wa Jumriah, akajifungua mtoto wa kike. Rusli alibeba kifuu chenye kondo hadi kilimani kwa mikono miwili, Jumriah akamfuata, na askari akawaambia vifuu vipite mlango wa nyuma. Kaka alikipokea, akakishusha pale penye kina kirefu. Bosi Hendrawan alihudhuria, amevaa shati la batiki kwa heshima ya siku. Alikuwa ameleta sinia.

Jumriah akafumbata mikono mgongoni. Akamkanyaga Rusli mguu, naye akafumbata yake. Wakasimama hivyo, wamekaza midomo, mvua ikiwadondokea, na Bosi Hendrawan hakuwasihi hata kidogo. Alichuchumaa tu, akalisogeza sinia hadi usawa wa maji.

Maji yakatikisika kidogo. Mkono mdogo sana ukatoka, umekunjamana kama wa mtoto aliyezaliwa asubuhi, ukapapasa ukingo wa sinia, ukagusa keki ya waridi kwa ncha ya kidole, ukarudi chini.

"Ana adabu," alisema Bosi Hendrawan.

"Ni wa kwetu," Jumriah akajibu, kwa sababu ilikuwa kweli.