Asubuhi Samaki Walipoomba Hewa

Samaki walikuwa wamejaa juu ya maji, vinywa wazi, wakigugumia hewa. Nilisimama ukingoni na bakuli la chakula mkononi, nikadhani wamenijia mimi.

Ilikuwa siku ya nne tangu mke wangu aende kumuuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Aliniachia maagizo mafupi: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mvua ikinyesha nisiwape kitu. Mimi ni fundi cherehani. Maji niliyoyajua ni yale ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi. Lakini kila nilipopita, samaki walikusanyika mbele yangu kama wateja wiki ya kufungua shule, na mimi ni mtu wa kupenda kupokewa. Nikawapa. Wakirudi, nikawapa tena. Hata siku mbili za mawingu na manyunyu nilipita na bakuli langu.

Bwawa lile lilikuwa limemla mke wangu mwaka mzima. Miaka kumi na mmoja alifua mashuka hospitalini, kisha akaacha, akaingia shimoni na jembe. Bwawa la kwanza lilikunywa maji yake lenyewe: alilijaza Jumatatu, kufika Alhamisi limebaki tope na vyura wawili. Majirani wakambandika jina, Bibi Tope. Alibeba udongo wa mfinyanzi kichwani kutoka bondeni, akaumwaga, akaukanyaga kwa miguu yake wiki tatu, mimi nikimtazama kutoka barazani, nyayo zangu juu ya kanyagio la cherehani. Mara moja tu nilimwambia aachane na mambo hayo. Akaniuliza kama suruali ya mwalimu mkuu imekwisha.

Sasa zilibaki wiki mbili tuvue.

Alirudi asubuhi ileile, kabla sijajua la kufanya. Alitua mkoba, akachuchumaa, akachota maji kwa kiganja na kuyanusa.

"Umewapa mara ngapi?"

Uongo ulinijia mdomoni ukiwa umeshashonwa na kupigwa pasi. Nikaumeza.

"Kila waliponijia."

Alinitazama. "Samaki humjia kila mwenye kivuli," alisema, bila ukali. "Chakula kimeoza chini, hewa imekwisha majini. Vua viatu."

Tuliingia hadi kiunoni. Alifungulia maji mapya kutoka mfereji, kisha tukashika ndoo: kuchota, kuinua juu kabisa, kumwaga kwa kishindo ili maji yaanguke na hewa. Mabega yaliwaka moto. Majirani walikuja kutazama. Baada ya muda muuza mkaa, yeye mwenyewe aliyebuni lile jina, alikunja suruali na kuomba beseni. Mke wangu akamwonyesha pa kusimama kana kwamba alikuwa akimngoja. Kufika saa tano tulikuwa watu tisa.

Jua lilipochomoza mawinguni, samaki wakaanza kuzama, mmoja mmoja. Karibu nusu hawakuzama. Walilala ubavu juu ya maji, weupe, wamenona.

Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga alifika na ndoo yake. Alitaka kuwachukua waliokufa. Wakikolea mafuta, alisema, hakuna atakayeuliza.

Mke wangu alitua ndoo yake. "Sijui wamekufa saa ngapi, mama," alisema. "Siwezi kumlisha mtu kitu nisichokijua."

Akachukua jembe. Tuliwafukia nyuma ya nyumba, na hapo ndipo nilipomwona akilia, akichimba bila kusimama.

Jioni alikuja bwana samaki, mtaalamu aliyemfundisha kazi hiyo. Alilizunguka bwawa, akauliza kulitokea nini. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

"Tulizidisha chakula," alijibu mke wangu.

Bwana samaki akaandika, akafunga daftari.

Waliobaki tuliwavua wiki mbili baadaye, nao walitosha kuanza upya. Leo ana mabwawa matano, na watu hutoka mbali kuja kujifunza. Akifika kwenye somo la chakula huwasimulia asubuhi ile yote, na mpaka leo husema "tulizidisha". Mimi huwa nyuma yao, namimina chai. Akilitamka neno hilo huwa natua birika kidogo, ndipo niendelee na kikombe kinachofuata.