Utando wa Kastadi

Siku hizi ile filamu yetu ya vichekesho inauzwa upya, na mwishoni wameongeza nusu saa ya vituko vya wakati wa kuitengeneza. Mtangazaji anacheka mpaka anafuta machozi: mlijua kwamba yule mama wa kwenye tangi la kastadi alitapika kweli? Mimi najua. Nilikuwa fundi taa na mwakilishi wa chama cha mafundi katika studio ile, nje kidogo ya London, Novemba 1971, na kichefuchefu cha siku ile hakijanitoka.

Beryl Scholes alikuwa mtu wa kujaza umati. Miaka na miaka alipita nyuma ya mastaa akiwa amebeba trei, mdomo umefungwa, kwa sababu kanuni za kazi ile zilikuwa wazi: ukitamka sentensi moja mbele ya kamera, umekuwa mwigizaji, hurudi tena kwenye umati. Mwongozaji wetu, Bwana Tansley, alimwahidi sentensi hiyo. Atumbukie kwenye tangi, aibuke, aseme, “Pudingi iko tayari, bibi.” Basi.

Sasa hiyo kastadi, ule uji mzito mtamu wa maziwa na mayai wanaomwagia pudingi. Mwingereza yeyote aliyekula shuleni anaujua ule utando unaoganda juu yake ikipoa. Tansley aliutaka, tena mnene, upasuke mama akianguka. Clem Outhwaite, mtunza vifaa, alijitolea kutengeneza wa unga na rangi. Tansley akakataa, eti utando wa uongo taifa zima lingeutambua. Yakamwagwa maziwa na mayai ya kweli, tangi zima, na ikapigwa marufuku kukoroga. Kisha staa wetu akapata mafua, kazi ikasimama. Kastadi ikakaa chini ya taa zangu tangu Jumatatu. Kufika Ijumaa utando ulikuwa mgumu kama kisigino, umeota manyoya ya kijivu pembeni, na chini yake kitu kilikuwa kikipumua.

“Clem, hii inanuka nini?” nikamuuliza.

“Soksi za baba mkwe. Na tulimzika nazo.”

Muda wa kazi uliisha kabla kamera haijawa tayari. Desturi yetu ni kwamba mwongozaji akitaka kuendelea, anakiomba chama, nasi tunapiga kura kwa mikono. Beryl akanifuata nyuma ya taa.

“Wilf, nasikia unataka wakatae.”

“Nataka uchafu huu umwagwe, dada. Ipikwe mpya Jumatatu.”

“Jumatatu Tansley atamchukua mwingine. Usinizibie.”

“Umeinusa lakini?”

“Nimelea watoto wanne. Nitabana pumzi.”

Nilisema hata hivyo. Nikawaambia mafundi kwamba binadamu hazamishwi kwenye uozo ili watu wacheke.

“Wilf, hotuba kawape wapita njia bustanini,” Clem akasema. “Mwenyewe anataka.”

Mikono ikapanda yote isipokuwa wangu. Msidhani walimhurumia Beryl. Walitaka kuuona utando ukipasuka.

Haukupasuka. Alipoanguka ulizama naye mzima, ukamfunika kama shuka lililoloa, halafu ndipo ukachanika, na harufu iliyotoka hapo ilimfanya mpiga picha aachie kamera. Beryl akaibuka na kipande kimemganda usoni. Akafungua mdomo aseme sentensi yake. Kipande kikaingia. Akatapikia humo humo alimosimama.

Tansley alikuwa amejikunja kwa kicheko. “Kata. Hiyo hiyo. Sitaki nyingine.”

“Bwana, sijasema bado,” Beryl akamwambia, akijifuta macho.

“Mpenzi, hayo ni bora kuliko maneno.”

“Uliniahidi. Nitazama tena, sasa hivi.”

Tansley akaitazama saa ya ukutani, kisha akatutazama sisi, na nikaona ameshajua kwamba watakataa. “Muda wa ziada mliotupa umekwisha. Waombe wenzako, Wilf. Wakikubali, mimi sina neno.”

Nikawaomba dakika tano. Taa zinawaka, kamera ipo, mama yuko tayari. Nikanyoosha mkono wangu.

“Kwa uvundo huu?” Clem alikuwa ameziba pua kwa leso. “Mke wangu hatanifungulia mlango.”

“Kwanza si wa chama chetu,” mwingine akadakia.

“Sasa hivi tu mlikuwa na mikono.”

“Sasa hivi tulikuwa na pua.”

Wakacheka. Hao ni wanaume niliosimama nao getini kwenye mvua wakati wa mgomo, tukaitana ndugu. Walikunja nyaya zao wakatoka kwenda baa, wakipeana njia kwa adabu pale mlangoni. Tansley akanigusa bega. “Chama chako kimeamua, mzee,” akasema, akawafuata.

Beryl alibaki kwenye tangi, kastadi kiunoni, akingoja mtu wa kumtoa. Nilipomshika mkono ukateleza, nikaushika tena.

“Dada, Jumatatu nitawa—”

“Usinisemeshe, Wilf. Vuta tu.”