Fidla Nyuma ya Pazia

Miaka ya ukoloni, Bahadur alipiga fidla misimu minne katika jumba la maigizo la Wazungu mjini Nairobi, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyemwona. Mhindi hakuruhusiwa kukaa na wanamuziki mbele ya jukwaa. Aliwekewa kigoda nyuma ya pazia. Mbele alikaa Mzungu mmoja wa benki, akipitisha juu ya nyuzi upinde uliopakwa sabuni usitoe sauti, na jina lililochapishwa kwenye karatasi za maonyesho lilikuwa la huyo.

Mwaka 2008 Bahadur alikuwa na miaka sabini na minane, akiishi ughaibuni, mtaa wa Parkdale, na bintiye Nilofar. Kiharusi kilikuwa kimekakamaza vidole vyake vya kushoto. Majira ya baridi ya mwaka huo Nilofar alikuta kwenye mtandao ukurasa wa historia ya jumba lile. Picha ya mtu wa benki ilikuwepo, na chini yake sifa za upigaji wake wa fidla.

Bahadur alimwomba bintiye amsomee mara mbili. Kisha akatoa fidla sandukuni akajaribu kupiga, ila vidole havikuzishika nyuzi.

"Nikifa hivi," alimwambia Nilofar, "itakuwa kama sikuwahi kuishi."

Waliandika barua. Mwandishi wa ukurasa ule alijibu kwa adabu, akauliza kama kuna mkataba, picha au shahidi. Mkataba haukuwahi kuwepo. Waliompa kazi walikwisha kufa.

Nilofar aliuguza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzake mmoja pale alikuwa Mkenya. Siku moja mwenzake alimsimulia kwamba baba yake, Mzee Kuria, alikuwa mvuta pazia katika jumba hilo hilo, na sasa anaishi naye mtaa wa St. James Town, mji huo huo. Nilofar alirudi nyumbani mbiombio na habari hiyo. Lakini baba yake aliposikia jina la Kuria hakutaka kwenda. Wiki tatu alitoa visingizio: theluji, kifua, goti. Mwandishi alipowaarifu kwamba kurasa zake zinakwenda kuchapishwa kuwa kitabu, ndipo Bahadur akaomba koti lake.

Kuria aliwapokea ghorofa ya kumi na saba, akawakaribisha chai. Bahadur alieleza shida yake huku akitazama kikombe.

"Nakukumbuka," Kuria alisema. "Ulipiga vizuri sana. Na asubuhi ya msako, unaikumbuka?"

Bahadur alijibu kwamba anaikumbuka.

Ilikuwa Aprili mwaka hamsini na nne. Askari waliingia katikati ya mazoezi kuwakamata Wakikuyu. Kuria, kijana wa miaka ishirini, alimwambia ofisa kwamba yeye ni mfanyakazi wa pale, na yule Mhindi wa fidla anamjua. Kila siku yeye Kuria ndiye humletea chai. Ofisa akamgeukia Bahadur. Bahadur aliogopa kupoteza kigoda chake. Akasema hamjui. Kuria alikaa kizuizini miaka mitano, na mama yake akafa yeye akiwa huko.

Nilofar hakuwahi kuyasikia hayo. Alimtazama baba yake, naye hakuinua uso.

"Nilikuomba neno moja tu," Kuria alisema. "Leo umekuja kuniomba neno lile lile."

Bahadur aliomba msamaha. Kuria alimwambia binti yake alete kalamu.

"Nitasema nakujua, kwa sababu ni kweli. Lakini na lile liandikwe. Yote mawili, barua moja."

Kuria aliandika ushahidi wake, akamwachia Bahadur aongeze habari ya msako. Nyumbani Nilofar alimsihi baba yake aliache lile la msako, maana wajukuu watalisoma. Bahadur alikataa. Alitamka, na Nilofar akachapa barua yote huku analia, kisha wakaituma.

Mwezi Mei ukurasa ulisahihishwa. Jina la Bahadur lilikuwepo, na shukrani kwa Kuria, mvuta pazia, aliyethibitisha. Kuhusu msako hakukuwa na hata mstari. Mwandishi alisema nafasi haikutosha, na kwamba kitabu ni cha muziki. Bahadur alimwandikia mara mbili, akitaka jina lake pia lifutwe kama lile halitaandikwa. Hakujibiwa.

Alimpigia simu Kuria. Binti wa Kuria ndiye aliyepokea, akasema baba ameshausoma ukurasa na hataki kuitwa kwenye simu. Bahadur aliuliza Kuria alisema nini aliposoma.

Yule binti akamwambia, "Alisema basi, wewe umepata ulichotaka."

Nilofar alimwondolea simu mkononi, kwani ilikuwa imekatika kitambo.

Kitabu kilipofika kwa posta, Bahadur hakukifungua. Kiangazi kile alipanda tramu peke yake mara tatu kwenda St. James Town, akasimama chini ya jengo, akabonyeza kengele ya ghorofa ya kumi na saba. Mara zote tatu mlango haukufunguliwa.